Mwanga wa Chini

Bi Siwema alikuwa ameutangazia mtaa mzima kwamba kwenye filamu anaigiza mama mpole. Akamburuta na mkamwana wake Tunu hadi kwenye upigaji picha aje ajionee, maana mwaka wa tatu huu binti alikuwa akimkwepa kama moshi wa jikoni.

Bi Siwema alipoketi mbele ya kamera, Kombo, fundi taa, akijaribu mwanga, akaiweka taa sakafuni. Kwenye skrini macho ya Bi Siwema yakawa mashimo, meno yakarefuka.

"Heh! Huyo nani?"

"Wewe, mama," Kombo akacheka. "Mwanga wa chini humgeuza hata bibi harusi akawa mchawi."

Tunu akasimama ghafla. "Sura ndiyo hiyohiyo! Siku mliyonipokea umeme ulikatika, kibatari kikawekwa miguuni pako."

"Mbona nilikuwa nakuchekea, mwanangu!"

"Mimi niliona unanikenulia meno."

Bi Siwema akajipapasa mashavu, asijue miaka yote hiyo alikuwa akitembea na uso gani.

"Kombo, baba, hebu ipandishe hiyo taa."

Taa ikapanda polepole, vivuli vikamshuka hadi shingoni. Skrini hakuitazama tena. Alimkodolea macho Tunu, aliyekuwa ameinamisha kichwa upande, bado anamwangalia usoni kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.