Nani Alikutuma, Fidencio?

Kwa wiki ya kumi na moja sasa, lori lililomvunja goti Delfina Treviño halikuwa la mtu.

Asubuhi hiyo alipiga simu ya kwanza. Bima ya kampuni ya malori ilimjibu, kwa sauti ya dada mpole aliyekuwa akitafuna kitu, kwamba dereva alikuwa ameshashusha tela, tena ameandika kwenye kifaa cha lori kwamba yuko kwenye safari binafsi. "Kwa hiyo hapo hakuwa wetu, mama."

Akapiga ya pili. Bima ya dereva mwenyewe, ile ya safari zisizo za kazi, ikasema kichwa cha lori kilikuwa kinaelekea yadi ya kampuni. "Kwa hiyo hapo alikuwa kazini, mama. Waulize wao."

"Nimetoka kwao sasa hivi!"

"Pole sana, mama."

Delfina aliitupa simu kwenye kochi. Mguu wake ulikuwa umenyooshwa juu ya kigoda, goti limefungwa vyuma. Alikuwa mshonaji wa magauni ya wasichana wanaotimiza miaka kumi na mitano, na pindo la gauni kama hilo halipimwi mtu akiwa amekaa. Linapimwa kwa magoti, pini mdomoni, ukimzunguka binti taratibu. Daktari alisema goti lipasuliwe mara ya pili kabla mwezi haujaisha, la sivyo halitakunjika tena. Hospitali nayo haikutaka kupanga siku mpaka ijue ni bima ipi italipa.

Mumewe, Rogelio, alifanya kazi kwenye ofisi ya yadi ya kampuni hiyohiyo. Mwanzoni jambo hilo lilimpa Delfina tumaini.

"Tazama mwenyewe," Rogelio alimwambia jioni moja, akiweka karatasi mezani. "Amri zote walizopewa madereva siku ile. Yule dereva wako, Fidencio, yupo mpaka aliposhusha tela saa tisa. Baada ya hapo, hamna kitu."

"Basi mtu alimwita kwa mdomo."

"Yadini kwetu hatufanyi hivyo."

"Rogelio, na mvua ile? Nani anaendesha kichwa kitupu kwenye mvua ile kwa starehe zake?"

"Madereva wana wazimu wao." Alikuwa amemgeuzia mgongo, akiosha sahani ambazo zilikuwa safi tayari. "Mwache yule baba wa watu. Naye ana yake yanayomsumbua."

Wakili Cavazos, ambaye uso wake ulitabasamu kwenye mabango ya barabara kuu yote ya mji wa Laredo, ofisini hakutabasamu.

"Watu wanadhani kichwa bila tela ni chepesi, kitasimama upesi. Uongo. Breki zake zimetengenezewa mzigo. Ukizikanyaga kikiwa kitupu, tena kwenye maji, magurudumu ya nyuma yanarukaruka na kuteleza. Dereva wa miaka ishirini anajua. Haendi mbio vile ila kama kuna anayemhimiza."

"Nani sasa?"

"Ndiyo kesi yenyewe. Saa zake za kuendesha zilikuwa zimekwisha. Kisheria alitakiwa alale palepale. Mtu akampigia: andika ni safari yako mwenyewe, uje. Mchezo huu unachezwa kila siku hapa mjini. Lori halirudi yadini lenyewe kama mbwa anayerudi kwao, bibi. Niletee jina la huyo mtu, na bima ya kampuni italipa."

"Si mchukue kumbukumbu za simu?"

"Kupitia mahakama ni miezi. Goti lako halina miezi."

Namba ya simu ya dereva ilikuwemo kwenye ripoti ya polisi; Delfina akampigia. Fidencio alikuja Jumapili asubuhi, Rogelio akiwa ametoka kupanga foleni ya nyama ya barbacoa. Alisimama karibu na mlango, kofia ameishika kifuani.

"Bosi yupo?"

"Ametoka. Kaa."

"Anajua nimekuja?"

"Hajui. Alinikataza nisikusumbue."

Fidencio aliketi kwenye ncha ya kiti, kama mtu aliye kwa daktari wa meno.

"Sikukuitia ugomvi," Delfina alisema. "Nakumbuka ulinishika mkono mpaka ambulensi ikafika. Nataka jina moja tu. Nani alikutuma?"

"Mama, nikilisema, mtu anafukuzwa kazi. Ana nyumba. Ana mke."

"Na mimi nina goti! Yeye atapata kazi nyingine. Mimi goti jingine nitalipata wapi?"

Fidencio alizungusha kofia mikononi.

"Wiki kumi na moja, Fidencio. Huyu ananirusha kwa yule, yule ananirudisha kwa huyu, kama mpira. Wewe ndiye mwenye jibu, na unanikodolea macho kama sanamu ya kanisani!"

"Nilidhani... nilidhani haya yameshazungumzwa humu ndani."

"Yazungumzwe na nani? Na hizi kuta?" Delfina alivuta pumzi, akaishusha sauti. "Haya. Kama jina linakushinda, nipe maneno tu. Alikwambia nini kwenye simu? Neno kwa neno."

Fidencio aliutazama mlango. Nje hazikusikika hatua za mtu. Akainamisha macho kwenye kofia, akasema polepole, kama mtu anayerudia kiapo anachosomewa:

"Alisema: 'Andika safari binafsi, ulete kichwa yadini, tena kanyaga. Leo nataka kufunga mapema. Delfina yuko njiani, anakuja kunichukua.'"