Upepo wa Kuvukia

Mwanamke yule alikuwa na darubini, lakini tangu jua lichomoze hakuiinua kutazama angani hata mara moja. Aliielekeza baharini tu.

Mwalimu Laroussi alimtupia jicho la pembeni. Baridi aliyoizoea ikamwingia kifuani.

Kila Aprili, kwa miaka ishirini, alipanda mlima wa Haouaria kuhesabu vipanga na korongo wanaotoka kusini kwenda Ulaya. Chini ya mwamba nchi inakwisha. Mbele ni maji matupu hadi Italia. Siku hiyo upepo wa kaskazini uliwapiga usoni yeye na mwanamke yule. Kundi la vipanga lilikuwa limejaribu kuvuka, likasukumwa, likageuka. Sasa walizunguka juu yao wakitafuta pa kutua.

"Ami, mbona wanarudi?" mwanamke aliuliza.

Lafudhi yake ilikuwa ya bara, kule Kasserine, ambako mtu hukua asiione bahari. Alikuwa amejitambulisha kwa jina la Emna. Umri wake haukuzidi thelathini.

"Upepo umewakataa," Mwalimu alisema. "Ndege si mjinga, binti yangu. Akiona haendi, anageuza."

"Na binadamu?"

Mwalimu alimega mkate, akauchovya kwenye harisa ya pilipili, akampa. Emna aliupokea kwa adabu, akaushika tu mkononi.

Jiwe alilokalia Emna lilikuwa la Nizar, mwana wa pekee wa Mwalimu. Majira ya kuchipua, miaka mitano nyuma, Nizar alikaa hapo akamwuliza baba yake habari za upepo. Mwalimu akafurahi, akidhani mwanawe hatimaye amependa ndege. Akamweleza yote: vipanga huvuka asubuhi, upepo wa kusini ukiwasukuma mgongoni. Wiki iliyofuata Nizar aliondoka na wenzake sita kwa boti ya mpira. Upepo ulikuwa mzuri. Injini ndiyo iliyokufa. Bahari ilimrudisha siku ya tisa, na Mwalimu alimtambua kwa meno.

Hadi leo kundi likipita husikia sauti nyuma ya shingo yake: "Hao wangapi, baba?" Hugeuka. Anajua hakuna mtu, na bado hugeuka.

Tangu msiba huo, kila msimu kijana mmoja au wawili walikuwa wakipanda mlimani na darubini za kuazima, wakijidai wanapenda ndege. Mwalimu aliwatambua mara moja, maana hawakujua kipanga wala kunguru, na macho yao hayakubanduka majini. Kuwasihi hakukusaidia. Kuwashtaki kungewatia jela, nao wangetoka na kuondoka tena. Ndipo akabuni dawa yake. Aliwaambia wangoje upepo wa kaskazini. Wakiingia majini mawimbi yatawatandika usoni, watatishika, na kabla ya saa moja kwisha watakuwa wamerudi ufukweni, wamelowa, wazima.

Saba alikwisha kuwaambia hivyo. Hakuna hata mmoja aliyerudi kumlaumu.

"Ami," Emna alisema, "mtu akitaka kuvuka kama hawa ndege, angoje upepo upi?"

"Una mama, binti yangu?"

"Ninaye. Siku hizi hasemi."

"Basi rudi kwake. Mimi nimezika mtoto. Sikuombei umwachie mama yako kazi hiyo."

"Nimekuuliza upepo."

Sauti yake haikupanda. Mwalimu alitazama mikono ya Emna, nyembamba, yenye alama za sindano ya cherehani, akaona bahari ingeifanya nini. Akauvuta uongo wake kama mtu anayemvutia mgonjwa shuka.

"Wa kaskazini," alisema. "Kama huu wa leo."

"Lakini hawa upepo huo umewarudisha."

"Ndege ni mwepesi. Boti ni nzito, upepo wa mbele unaituliza."

"Una hakika?"

"Nimeutazama upepo huu miaka ishirini."

"Na kila anayekuuliza unamwambia hivyo?"

"Kila anayeniuliza," Mwalimu alijibu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi kifua chake kilipata joto. Huyu naye atalowa, atalia, atarudi kwao.

Emna aliuweka mkate juu ya jiwe. Alisimama, akazifunga ncha za mtandio zilizokuwa zikipigwa na upepo, akamwinamia hadi nyuso zao zikakaribiana, kama mtu anayetaka kulikariri jambo asilisahau.

"Mdogo wangu Wajdi alinipigia simu yake ya mwisho akiwa majini, Aprili iliyopita," alisema. "Nilisikia mawimbi, nikasikia wenzake wanalia. Nikamwambia, geuzeni boti, rudini. Akanicheka. Akasema nisiogope, hawageuzi, maana upepo ni ule ule aliousema mwalimu."