Mbao za Darini

Iliasi, seremala wa kijiji, alimsimamisha Musafiri mbele ya nyumba, akampima kwa kamba ya mgomba tangu kisigino hadi utosini. Akaongeza shubiri moja, akafunga fundo, akaenda zake bila kusema kamba ni ya kazi gani.

"Ule anapima nini?" Musafiri alimuuliza mke wake.

"Iliasi na mambo yake, baba Grâce," alijibu Aimée, akaendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni.

Musafiri akainama kuingia ndani, akaguna. Mlango ulikuwa mfupi tangu enzi za marehemu baba yake, na kila alipoinama, kovu la tumboni lilimvuta. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu madaktari wa Bukavu wamtoe uvimbe wa saratani.

Darini, juu ya kitanda chake, zililala mbao sita. Familia ilizinunua siku zile hali yake ilipokuwa mbaya. Hakuna aliyemwambia ni za nini, na yeye si mtoto. Alipopona, hakuna aliyethubutu kuzigusa. Sasa mtu alale chini ya jeneza lake mwenyewe, usingizi atautoa wapi?

Jana mdogo wake Grégoire alirudi kutoka Kasongo na majibu ya kipimo cha mwisho.

"Yaya, kansere haiko tena. Munganga ameandika hakuna kitu."

Musafiri aliitikia kwa kichwa tu. Hata wakati ule walimwambia hakuna kitu, huku wanapandisha mbao darini. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Leo asubuhi Aimée akamtuma chumvi sokoni Wamaza, mwendo wa saa mbili kwa miguu, na chumvi kwa jirani ipo. Musafiri akaenda. Njiani hakumsalimia mtu. Alipoipata tu chumvi akageuka, ile kamba haimtoki kichwani. Shubiri moja ya kuongeza ilikuwa ya nini, kama si ya kumlaza mtu vizuri?

Kwenye kona ya mwisho akasikia nyundo. Akakimbia, mkono tumboni.

Kwanza aliona ukuta. Walikuwa wameubomoa pale juu ya mlango, matofali yametapakaa chini. Baba yake alipofariki, jeneza lilikataa kupita kwenye mlango ule mfupi. Ilibidi wavunje ukuta wa nyuma ndipo wakamtoa. Musafiri akachungulia darini kupitia lile tundu. Mbao hazipo.

"Muningojee kwanza nikufe!" alipiga kelele, machozi yakimtoka mbele ya binti yake. "Muko munabomolea nini nyumba, na mimi niko nasimama hapa?"

Grâce akajificha nyuma ya mama yake.

Iliasi akaweka nyundo chini. Akamwashiria Grégoire, wakaziinua pamoja zile mbao sita, zimekwisha kuunganishwa, zina bawaba na komeo, wakazisimamisha wima kwenye tundu la ukuta. Zilienea sawasawa. Iliasi akapigilia bawaba, akasukuma kwa kidole, zikafunguka.

Aimée akapokea chumvi mkononi mwa mumewe.

"Pita, baba Grâce," alisema. "Usiiname."