Swali la Mjane

Mwalimu wa wamisionari wa Kimormoni, mwanamume wa miraba minne, alijitanda shuka akajifanya mjane anayehubiriwa. Akamgeukia mwanafunzi ambaye zamu yake ya kujizoeza kuhubiri ilikuwa imefika.

"Na wewe, mwanangu, unayaamini haya?"

Jibu alilikariri siku sita. Beji kifuani ilimwita Mzee, cheo cha kila mmisionari wao wa kiume, na umri wake miaka kumi na tisa. Leo, badala ya kulitoa, akainuka.

"Naomba kwenda chooni."

Mwenzake wa kuhubiri naye akainuka. Kanuni yao ni kutoachana hata hatua. Kijana alipojifungia chooni, viatu vyeusi vya mwenzake vikasimama pale pale, chini ya mlango.

"Sijui kama naamini," akanong'ona.

Viatu vikasogea karibu zaidi na mlango.

"Rudi useme ndiyo," mwenzake akamjibu polepole. "Mimi nasema hivyo hivyo tangu Jumatatu."