Blanketi la Kibanda cha Tatu

"Nilimfunika mie mwenyewe, shemeji, kwa blanketi lake hili hili, mpaka roho ikamtoka."

Nyapara wa wapagazi aliyasema hayo mbele ya waombolezaji, akaliweka gunia dogo mkekani, miguuni pa Yuliana. Wanawake wa Temeke wakaangua kilio upya. Akasimulia siku tano za kupanda Kilimanjaro, kibanda hadi kibanda, wazungu wakilala ndani, wapagazi nje kwenye mawe, na jinsi baridi ilivyomuua mume wa Yuliana nje ya kibanda cha tatu.

Yuliana hakulia. Alikuwa akiutazama mdomo wa gunia.

Aliushona kwa mkono wake siku ya safari, blanketi likiwa ndani, kwa uzi mwekundu aliouchomoa kwenye kanga yake. Mumewe alikuwa amemwambia kwamba kwa nyapara huyu mpagazi hafungui mzigo njiani bila amri. Na uzi ulikuwa pale pale, mshono kwa mshono, na fundo lake mwishoni. Hakuna aliyeugusa.

"Kwa blanketi hili hili?" akauliza.

"Hili hili, shemeji. Mungu shahidi."

Yuliana akalisukuma gunia mapajani mwa nyapara. "Basi litoe, watu walione."

Vidole vya nyapara vikahangaika na uzi. Kilio kikapungua, kikakatika. Mtu akamnyooshea nyapara kisu cha kukatia uzi; Yuliana akakipokea, akakikalia.

"Tumia meno," akamwambia. "Mie fundo hilo nililikaza kwa meno."

Nyapara akainama.