Nyuma ya Mlango wa Mwaniki

"Mwaniki! Zima hiyo rap ya shetani, chakula kiko tayari!"

Mama yake alisimama nje ya kibanda cha kijana, mwiko mkononi, ugali ukikaukia ubaoni kule jikoni. Ngoma za rap zilizidi kudunda.

Ndipo akasikia, chini ya zile ngoma, sauti yake mwenyewe ikiimba wimbo wa kanisa. Ule aimbao akichambua maharagwe meusi ya njahi. Kumbe mtoto alimrekodi! Juu ya sauti hiyo Mwaniki alirap polepole: "Mama, nimechoka kuishi. Nikikwambia, wasema niombe."

Kwa miezi mingi mama alizigombeza nyimbo za mwanawe, hakuzisikiliza.

Mama haingii nyumba ya mwana aliyetahiriwa. Ndivyo alivyofunzwa.

Mwiko ukaanguka. Akausukuma mlango kwa bega. Ulikuwa umefungwa kwa ndani, na wimbo ukaanza upya wenyewe.