Wino Mbichi

Orodha ya waliochaguliwa kwenda chuo kikuu ilibandikwa kwenye ukuta wa bwalo. Nyamizi, kwa desturi yake ya miaka yote, aliisoma kuanzia chini, akajikuta mapema mno: nafasi moja chini ya mstari mwekundu, pamoja na waliokosa.

Mwalimu wa taaluma akaja na kalamu. "Fizikia imewashinda watahiniwa wote," alitangaza kama anayesoma wasifu wa marehemu. "Waliofanya mtihani huo wameongezewa alama sita."

Akalikata jina la Nyamizi, akaliandika upya juu ya mstari.

"Kwa hiyo nimefaulu, Mwalimu?"

"Umefaulu kufeli pamoja na wenzako."

Kengele ya wali na maharage ikalia. Wote wakakimbia. Nyamizi alibaki akiipepea karatasi kwa daftari la fizikia, wino ukauke kabla wakubwa hawajabadili nia.